Maswali ya wasomaji: weka treisi kwenye kweri kwanza, seva kubwa baadaye

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na kilio kimoja, programu inafanya kazi lakini ni nzito na mwenyewe hajui uzito uko wapi. Nimeziweka pamoja zile za upande wa databesi manake majibu yake yanashikana. Nikisema treisi naongelea safari nzima ya ombi moja, tangu linaingia kwa seva mpaka jibu linamrudia mtu, na spani ni kila kipande cha hiyo safari, chenye saa yake ya kuanza na saa ya kumaliza. Kweri ni ombi la data ambalo programu inalipeleka kwa databesi, na kila kweri moja ni spani moja.

Assalam aleikum mwalimu. Niko Lamu, nimetengeneza programu ya wageni kubuki nyumba za Shela na za mji wa kale, pamoja na boti za kutoka Mokowe na kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Ni Node.js na Express, databesi PostgreSQL. Ukurasa wa listi ya nyumba unachukua kama sekunde tano, na Maulidi ikikaribia watu wakiwa wengi ndo balaa kabisa. Wenye nyumba wanasema ni netiwaki ya Lamu, mwenzangu tunayefanya kazi pamoja anasema ninunue seva kubwa. Nimeanza kuweka console.time juu na chini ya kila kweri lakini kweri ni nyingi na kodi imekuwa chafu. Hakuna njia ya kuona kila kweri inakula muda gani bila kugusa kila fankshen?
*Msomaji, Langoni, Lamu*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Njia ipo, na kabla hujaendelea na hizo console.time nakuomba uzitoe zote leo hii, manake zinakupa namba moja moja ambazo hazijui ni za ombi gani, watu kumi wakifungua ukurasa kwa pamoja namba zinachanganyika na huwezi kujua ipi ya nani.

Unachotaka ni OpenTelemetry, ndo inayokuchukulia hizo treisi. Ni mradi wa bure, kodi wazi, ulizaliwa 2019 miradi miwili ya OpenTracing na OpenCensus ilipounganishwa chini ya CNCF, taasisi inayolea miradi ya kodi wazi, na fikra yenyewe ni ya zamani kidogo, Google walichapisha karatasi yao ya Dapper mwaka 2010 wakieleza vile wanafuatilia ombi moja likipita kwenye mashine nyingi. Sasa hivi karibu kila lugha ya upande wa seva ina maktaba zake.

Uzuri wake kwa shida yako ni kwamba huandiki kitu kwenye fankshen zako. Angalia inavyofanya kazi: programu yako ikisema require('pg'), OpenTelemetry inakuwa ishakaa mlangoni, inaipokea hio maktaba kabla haijakufikia, inaiondoa ile query ya asili na kuweka query yake ambayo inaanzisha spani, inaita ile ya asili, matokeo yakirudi inafunga spani, alafu inakupa matokeo vile vile yalivyo. Wewe unaendelea kuandika pool.query kama kawaida. Na kwa vile Node ina AsyncLocalStorage ya kubeba taarifa za ombi kupitia await zote, hio spani inajua mzazi wake ni ombi gani hata kama maombi mia yanaenda kwa wakati mmoja.

Kutokana na hapo utaona kwa nini watu wengi wanaweka alafu hawaoni hata kweri moja. Ni mpangilio. Kama pg ishapakiwa kabla OpenTelemetry haijakaa mlangoni basi imepita, hakuna kosa litakaloandikwa, hakuna onyo, utaona spani za HTTP labda na za databesi hakuna. Kwa hivyo usiiweke katikati ya faili lako la seva chini ya require zingine, iwashe kutoka nje:

```
npm install @opentelemetry/api @opentelemetry/auto-instrumentations-node

export OTEL_SERVICE_NAME=nyumba-lamu
export OTEL_EXPORTER_OTLP_ENDPOINT=http://localhost:4318
export OTEL_NODE_ENABLED_INSTRUMENTATIONS=http,express,pg
node --require @opentelemetry/auto-instrumentations-node/register seva.js
```

Ule mstari wa tatu wa export nimekuwekea makusudi, ile pakeji inakuja na maktaba nyingi sana ndani na mwanzo utazama kwenye spani usizozihitaji, anza na hizo tatu. Mlango (port) 4318 ni wa OTLP, ile lugha ya kusafirisha spani, ikipita kwa HTTP, na 4317 ni ikipita kwa gRPC, ukichanganya hio miwili hutaona kitu na utapoteza jioni nzima. Wa kupokea na kukuonyesha treisi, washa Jaeger kwa Docker kwenye kompyuta yako mwenyewe, ilianzia Uber na imekuwa wazi kwa watu tangu 2017, ukishaiwasha unafungua kivinjari kwenye localhost:16686 unachagua jina la huduma yako.

Mambo matatu ya kuangalia kabla hujaniandikia tena kwamba haifanyi. Kama kodi yako inatumia import za kisasa badala ya require, hio --require peke yake haitoshi, inahitaji pia ndoano ya upande wa import ambayo imeelezwa kwenye hati za mradi. Kama unaifunga programu yote kuwa faili moja kwa esbuild ama webpack, hakuna require ya pg inayotokea tena na hakuna cha kudakwa, iache pg nje ya fungu. Na kama unatumia Prisma, yenyewe haipiti njia hio, ina maktaba yake ya @prisma/instrumentation.

Seva kubwa usinunue bado. Na netiwaki ya Lamu usiilaumu bado pia, hizo sekunde tano zikiwa ndani ya spani ya seva basi mgeni angekuwa Nairobi mjini angezingoja vile vile. Niletee treisi.

Mwalimu nimefuata yote, ahsante sana, kweri zinaonekana. Hii ndo treisi ya ukurasa wa nyumba, nimeikata katikati kwa sababu ni ndefu:

```
GET /nyumba                        5.06 s
  pg-pool.connect                     1 ms
  pg.query:SELECT lamu              164 ms
  pg.query:SELECT lamu              162 ms
  pg.query:SELECT lamu              161 ms
  pg.query:SELECT lamu              163 ms
  ... (zinaendelea hivi hivi mpaka chini)
```

Nimehesabu, SELECT ni 31. Nikaenda kwa databesi yenyewe nikapiga EXPLAIN ANALYZE kwa ile kweri ya bei, inaniambia chini ya milisekunde moja! Indeksi ipo. Sasa mbona treisi inasema 160? Nani ananidanganya? Programu iko kwenye seva ya Cape Town na databesi iko Frankfurt, niliipata huko ya bure.
*Yule yule wa Langoni*

Hakuna anayekudanganya ndugu yangu, na hio sentensi yako ya mwisho ndo jibu.

Spani ya kweri inapimwa kutoka upande wa programu. Saa inaanza pale unapoikabidhi draiva (hio maktaba ya pg) kweri yako na inasimama pale majibu yanaporudi mkononi mwako, kwa hivyo ndani yake kuna draiva, kuna njia ya kwenda, kuna kazi ya databesi, na kuna njia ya kurudi. EXPLAIN ANALYZE inapima ile kazi ya databesi tu, imekaa huko huko ndani Frankfurt haijui kwamba wewe uko Cape Town. Toa moja kwa nyingine: zaidi ya milisekunde 160 ni njia. Databesi yako haina shida yoyote, indeksi zako ni safi, na ungeweka seva kubwa mara kumi hizo 160 zisingepungua hata moja manake ni umbali.

Shida yenyewe ni kwamba unaisafiri hio njia mara 31. Ni kama nahodha anayetoka Lamu kwenda Mokowe kuchukua abiria mmoja, anarudi, anaenda tena kumchukua wa pili, na boti ina nafasi ya wote. Nina hakika kodi yako iko hivi: kweri moja inaleta nyumba 30, alafu kitanzi kinapita kila nyumba na ndani yake kuna await ya kweri ya bei. 31 mara 162 ni milisekunde 5,022, hio ndo sekunde tano yako, wala hakuna siri nyingine imebaki. Na angalia zile spani kwenye Jaeger zimekaa vipi, kila moja inaanza pale ile ya juu ilipoishia, kama ngazi zinashuka. Ukiona ngazi ya aina hio, yenye vidato sawa na jina moja, usitafute zaidi.

Ibadilishe iwe kweri mbili:

```
SELECT id, jina, mtaa FROM nyumba WHERE iko_wazi = true LIMIT 30;

SELECT nyumba_id, msimu, bei FROM bei WHERE nyumba_id = ANY($1);
```

Hapo $1 ni safu ya id zote ulizopata kwenye ya kwanza, alafu unaziunganisha kwenye JavaScript kwa Map. Safari mbili, kama theluthi ya sekunde. Join moja pia inaweza ila bei zikiwa nyingi kwa kila nyumba maelezo ya nyumba yanajirudia kwenye kila mstari, mimi ningebaki na mbili.

Kuna mtu atakuambia acha kweri zako 30 vile zilivyo uzipige zote kwa mpigo na Promise.all. Kwa mgeni mmoja utaona afadhali, lakini puli ya node-postgres (ndo hio pg), yaani akiba ya konekshen za databesi, kwa kawaida ina konekshen 10 tu, kwa hivyo kweri 10 zinaenda na 20 zinasubiri, na mgeni wa pili akifungua ukurasa anajipanga nyuma ya hizo, siku ya Maulidi hapo ndo utaona programu imesimama kabisa wakati databesi imekaa bure. Treisi itakuonyesha hilo pia, ile spani ya pg-pool.connect ambayo leo ni milisekunde 1 utaikuta imenenepa, na ikinenepa maana yake mtu anangoja konekshen, kweri yenyewe haijaanza hata. Watu wengi wanaipita hio spani macho manake haina SQL ndani, mimi huanza kuisoma hio kabla ya nyingine yoyote.

Ukimaliza hayo hamisha databesi ama programu, moja iifuate nyingine. Kama lazima databesi ibaki Frankfurt kwa sababu ya pesa basi programu pia iende Frankfurt, hapo mgeni atalipa ile njia ndefu mara moja kwa ukurasa badala ya mara moja kwa kweri, na hio hakuna atakayeisikia.

Jambo la mwisho nalokuomba, soma na nafasi tupu. Kati ya spani moja na nyingine ukiona pengo la nusu sekunde halina kitu, databesi haipo hapo, ni kodi yako inafanya kazi, labda inapunguza picha ama inageuza JSON kubwa. Treisi ya kujiendesha inaona maktaba inazozijua tu, kazi yako mwenyewe haiijui. Hapo ndo mahali pa kuandika spani moja kwa mkono, hapo tu.

Hujambo mwalimu. Sisi ni vijana wa Malindi tunatengeneza mfumo wa kupokea na kupima samaki kwa wavuvi, Django na PostgreSQL. Tumeweka OpenTelemetry kwa opentelemetry-bootstrap na tunaendesha opentelemetry-instrument python manage.py runserver lakini hatuoni kitu. Hakuna erori.
*Wasomaji, Malindi*

Sijambo wanangu, hongereni kwa kazi hio, mizani ya samaki ikiandikwa vizuri ni haki ya mvuvi.

Runserver ina kile kijitu cha kuanzisha upya kila mkibadilisha faili, kinaendesha programu kwenye mchakato wa pili na ule uliofungwa OpenTelemetry sio unaojibu maombi. Wekeni --noreload mwishoni. Na hakikisheni DJANGO_SETTINGS_MODULE imewekwa kwenye mazingira kabla, maktaba ya Django inaitaka. Mkienda kwenye seva yenyewe na Gunicorn kumbukeni kwamba inazaa watoto kwa fork, na ile sehemu inayotuma spani kwa mafungu ina uzi wake wa nyuma (thread) ambao hauwafuati watoto, hati za OpenTelemetry zenyewe zinaonya kuhusu hilo na zinashauri kuiwasha ndani ya post_fork ili kila mtoto awe na yake.

Kwenye Django hio shida ya ngazi ya ndugu yetu wa Lamu inajificha zaidi kwa sababu ORM, ile sehemu ya Django inayogeuza kodi ya Python kuwa SQL, inapiga kweri bila nyinyi kuandika SQL, mkisema samaki.mvuvi.jina ndani ya templeti kwa kila mstari basi kila mstari ni kweri. Treisi itaianika. Dawa yake ni select_related ama prefetch_related na mnaona ngazi inapotea palepale.

Mwalimu salaam. Mimi nashughulikia programu ya kliniki, Flask na psycopg2. Daktari mkuu amesikia nataka kuweka treisi akaniuliza swali zuri sana: hizo kweri zinazoandikwa huko zina majina na namba za simu za wagonjwa? Nikakosa jibu.
*Msomaji, Malindi*

Dada yangu, huyo daktari mshike vizuri. Hili ndo swali ambalo mafundi wengi wanalikumbuka treisi zikiwa zishajaa wiki nzima kwenye mashine ya watu wengine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti, na sheria haikuulizi kama zilivuja kupitia databesi ama kupitia chombo cha kupimia databesi.

Jibu fupi: inategemea unaandikaje kweri. Kama unaandika hivi

```
cur.execute("SELECT * FROM wagonjwa WHERE simu = %s", (simu,))
```

basi kinachoingia kwenye spani ni maandishi ya kweri na ile %s vile ilivyo, namba yenyewe haimo. Maktaba ya psycopg2 haichukui vigezo usipoiambia, ya pg kule Node pia ina chaguo la enhancedDatabaseReporting ambalo likiwashwa linaandika vigezo na kwa kawaida limezimwa, kwa mfumo wa kliniki lisiguswe kabisa. Ajenti ya Java inaenda mbele zaidi, inafuta thamani ndani ya SQL na kuweka alama ya kuuliza mahali pake.

Lakini kama mahali fulani kuna mtu aliunganisha maneno, "WHERE simu = '" + simu + "'", basi namba ya mgonjwa imo ndani ya spani nzima nzima. Na hapo una tatizo kubwa kuliko treisi, hio kweri inaweza kudungwa SQL (SQL injection), yaani mtu yoyote mwenye nia mbaya anaingiza amri zake ndani yake. Kwa hivyo kabla ya kuwasha chochote pita kodi yote utafute hizo, ukiwasha kwenye kompyuta yako na data za uongo treisi yenyewe itakusaidia kuzikuta, popote unapoona thamani badala ya %s umempata.

Kuna milango mitatu zaidi ambayo watu hawaifikirii. Wa kwanza ni URL, kama una /wagonjwa?simu=07... basi spani ya HTTP itaibeba hata kweri ikiwa safi. Wa pili ni makosa, na huu kwa psycopg2 ni wa kweli kabisa: ukijaribu kuingiza mgonjwa ambaye simu yake ishaandikwa, PostgreSQL inarudisha kosa lenye mstari wa DETAIL unaosema Key (simu)=(07...) already exists, psycopg2 inaweka huo mstari ndani ya ujumbe wa kosa, na OpenTelemetry inanakili ujumbe wa kosa kwenye spani. Kweri yako ilikuwa safi na namba imetoka kwa mlango wa nyuma.

Ndo maana nakushauri uweke Kalekta ya OpenTelemetry katikati, kwenye mashine yenu wenyewe hapo kliniki, programu itume kwake na yeye asafishe kabla ya kitu chochote kutoka nje:

```
processors:
  attributes/ficha:
    actions:
      - key: db.statement
        action: delete
      - key: db.query.text
        action: delete
      - key: url.query
        action: delete
```

Ujumbe wa kosa unakaa kwenye tukio ndani ya spani na kwenye status ya spani pia, hio attributes hapo juu haiufikii, utahitaji transform processor kwa exception.message, kwa ile stacktrace yake manake ujumbe unajirudia humo, na kwa status.message.

Na mlango wa tatu ndo sababu nimeandika majina mawili ya kitu kimoja hapo juu. Maandishi ya kweri zamani yalikuwa yanaitwa db.statement, kwenye kanuni mpya za databesi zilizotulia mwaka 2025 yanaitwa db.query.text, na maktaba zinahama polepole, zingine zinangoja uwashe OTEL_SEMCONV_STABILITY_OPT_IN=database. Ukiwa umefuta lile la zamani tu, siku mtu akisasisha maktaba jina linabadilika, chujio lako halioni kitu na maandishi yanapita yote. Futa yote mawili. URL ndo hivyo hivyo, jina la zamani ni http.target ama http.url, ziongeze kama unaziona kwenye treisi zako.

Mwambie daktari kwamba hata ukifuta SQL yote bado unabaki na jina la operesheni, muda wake, na ni ombi gani liliita, na kwa kutafuta uzito hayo yanatosha mara nyingi.

Mwalimu hizi treisi hazitanimalizia bando? Seva yetu iko ofisini Lamu, intaneti tunalipa wenyewe. Na je zenyewe hazitafanya programu iwe nzito zaidi?
*Msomaji, Mkomani, Lamu*

Uzito upo lakini ni mdogo, manake programu haingoji spani kutumwa. Zinawekwa kwenye foleni na kupelekwa kwa mafungu, kwa kawaida kila sekunde 5, fungu moja spani 512, foleni inabeba 2048, ikijaa zile za ziada zinatupwa na maombi ya wateja yanaendelea. Hio ni tabia nzuri ila uijue, kipindi cha msongamano unaweza kuona treisi zenye spani pungufu na ukadhani kweri haikupigwa.

Bando ndo la kufikiria. Usipobadilisha kitu inachukua treisi zote, asilimia mia. Njia nyepesi ni hii:

```
OTEL_TRACES_SAMPLER=parentbased_traceidratio
OTEL_TRACES_SAMPLER_ARG=0.1
```

Hapo inabaki moja kati ya kumi. Shida yake ni kwamba uamuzi unafanyika ombi linapoingia, kabla hujajua kama litakuwa zito, kwa hivyo lile moja la sekunde tisa ulilokuwa unalitafuta lina nafasi tisa kati ya kumi za kutupwa. Kwa ofisi kama yenu mimi ningeacha programu itume zote kwa Kalekta iliyo kwenye mashine hio hio, hapo hakuna bando linalotumika kwa sababu data haijatoka nje, alafu Kalekta ndo ichague mwishoni: zenye kosa zote zipite, zilizozidi sekunde moja zote zipite, za kawaida chache tu. Na kama Jaeger pia iko hapo hapo ofisini basi hakuna kinachotoka kabisa, weka tu muda wa kufuta za zamani diski isijae.

Habari mwalimu. Kwa Go hio ya kuweka bila kugusa kodi naona haipo? Natumia database/sql.
*Msomaji, Watamu*

Nzuri ndugu yangu. Kwa Go ni kweli, ile mbinu ya kudaka maktaba ikipakiwa haipo, programu ishajengwa kuwa faili moja na hakuna require ya kukaa mlangoni. Kuna njia ya eBPF inayotazama kutoka kwenye kerneli ya Linux bila kugusa kodi lakini inataka ruhusa kubwa kwenye mashine na kwa seva za kukodi mara nyingi hupewi. Iliyo rahisi ni maktaba ya otelsql, unabadilisha mstari mmoja pale unapofungua databesi, sql.Open inakuwa otelsql.Open, na draiva yako inakuwa imefungwa ndani yake.

Kinachowakwamisha wenye Go ni context. Huku hakuna AsyncLocalStorage ya kukubebea mzazi kimya kimya, mzazi anasafiri ndani ya ctx na wewe ndo mbebaji. Ukipiga db.Query(...) bila context, kweri inaenda na majibu yanakuja lakini spani yake haina mzazi, utaikuta kwenye Jaeger imesimama peke yake kama treisi ya pili, na treisi ya ombi lako itaonekana kana kwamba haikugusa databesi. Inatakiwa db.QueryContext(r.Context(), ...) na ExecContext na BeginTx, zote. Na mahali popote mtu alipoandika context.Background() katikati ya safari, hapo kamba imekatika. Tafuta kwenye kodi yote `.Query(`, `.QueryRow(`, `.Exec(`, `.Begin(` na `context.Background()`, ubadilishe moja moja, anza na zile njia za malipo.